Gunia Kati Yangu na Mama Mkwe

Nilipanda Old Moshi kwa sababu ya jicho. Halikuwa langu. Lilikuwa la Mama Ndeshi, mama wa mchumba wangu, mjane anayeishi kwenye kihamba cha marehemu mumewe, shamba la ukoo juu karibu na msitu, katikati ya migomba na kahawa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwishaziba. La kulia lilibakiwa na kazi moja tu, kutofautisha mchana na usiku. Hospitalini walisema ni mtoto wa jicho, kwamba hutolewa, na kwamba madaktari wanaomtoa watakuwa mjini Moshi wiki hiyo kisha wataondoka. Mama Ndeshi alipangiwa Jumatano asubuhi. Nilimwuliza mtu wa mapokezi, asiyefika siku yake inakuwaje? Akasema anasubiri wakirudi. Nikauliza wanarudi lini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa Yesu anarudi lini.

Msimu mwingine gari lingemshusha. Lakini ilikuwa masika, na mto ulikuwa umeondoka na daraja. Vijana wa huko walilaza magogo mahali pake. Mtu anapita, ng'ombe anapita akisukumwa, pikipiki inapita ikikokotwa. Gari halipiti. Taksi za mjini zilikuwa zinafika Kiboriloni, zinatazama tope, zinageuza.

Vijana wa kanisani walijitolea kumbeba kwa machela. Alikataa. Alisema machela ni ya maiti na ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu, na yeye hakuwa upande wowote. Bodaboda za kijiweni alizikataa pia, tangu mmoja wao alipomwacha dada yake mtaroni na kuendelea na safari, akaja kushtuka mbele kwamba pikipiki imekuwa nyepesi. Ndipo Ndeshi aliponipigia simu kutoka Arusha, anakofanya kazi.

"Mama amekubali umbebe wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Anasema kijana wa kijiweni akimwangusha, atampata wapi? Wewe ukimwangusha, anajua pa kukupata mpaka kufa."

"Hiyo ni sifa?"

"Kwa mama ni sifa."

Inabidi nieleze habari ya pikipiki. Nina shahada ya fizikia, na kwa sasa shahada hiyo inanipeleka kwenye nyumba za watu wanaotaka watoto wao wafaulu hesabu. Nyumba zenyewe zimetawanyika, kwa hiyo nina pikipiki. Nilijifunzia kuiendesha Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya wazazi wangu, ambako baba alishuka zamani kutoka mlimani kufuata maji ya mifereji. Chekereni ni tambarare. Mlima mkubwa kuliko yote niliyokuwa nimeipanda na abiria ni tuta la mfereji.

Halafu kuna habari ya ukwe. Kwa watu wa juu, mkwe hamgusi mkwe. Mama wa binti na mume wa binti hawapeani mikono, na wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Sijui ni familia ngapi bado zinashika jambo hili. Hii inalishika. Siku ya posa nilimwuliza Baba Mdogo Anaeli, mdogo wa marehemu, sababu yake ni nini. Akafikiri vizuri, akanijibu, "Sababu ni kwamba ni mkwe."

Sasa tazama tatizo lilivyokaa. Abiria wa pikipiki yuko salama akimshika dereva. Abiria huyu hakuruhusiwa kumshika dereva huyu. Na hakuwa anaona.

Jumanne asubuhi niliondoka Soweto, mtaa wa mjini Moshi ninakopanga chumba. Nilikuwa nimekaza mnyororo, nimebadilisha tairi la nyuma, na nimeazima kofia ngumu ya pili kwa jirani ambaye huitumia kukalia anapofua. Nilikagua breki mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama ninauza pikipiki.

Kiboriloni nilisimama kwenye kijiwe cha bodaboda, jirani na wauza mitumba. Ninamfahamu pale kijana anayeitwa Frenki, ambaye hupakia watu wa Old Moshi kila siku na bado ana meno yake yote. Nilimwuliza anabebaje mtu asiyeona.

"Rahisi, Mwalimu. Mwambie akubane kiunoni kama kupe. Ukilala kona, na yeye analala."

"Hawezi kunibana. Ni mama mkwe."

Mtu mmoja alizima redio.

"Duh," alisema Frenki. "Basi mpeleke na gari."

"Daraja hakuna."

Akafikiri. "Basi usioe."

Walicheka mpaka mwuza viatu akaja kuuliza kuna nini, wakamwambia, naye akacheka, kisha akanishauri kwa dhati nitafute mchumba wa tambarare.

Kutoka Kiboriloni njia inaanza kupanda taratibu, halafu inaacha utaratibu. Tope la pale ni jekundu na linateleza kama mlenda. Nilipanda gia ya pili, nikashuka ya kwanza, na sehemu nyingine nilishuka mimi mwenyewe. Joto la mjini lilibaki nyuma. Migomba ikawa inagusana juu ya njia. Mtoni nilikokota pikipiki juu ya magogo, maji yakipita chini yake na kelele za mkutano. Mzee mmoja aliyekuwa anachota maji aliniambia kwamba mvua ikinyesha juu msituni, magogo hayaonekani tena mpaka siku ya pili au ya tatu. Nikatazama juu. Mawingu yalikuwa yamekaa msituni kama watu wanaosubiri chakula.

Mbele ya mto kuna kona ya korongo. Niieleze hapa, maana tutairudia. Njia inapinda kulia, upande wa kulia ni ukuta wa udongo, upande wa kushoto hakuna kitu. Ukichungulia unaona vilele vya miti, halafu vilele vya miti mingine chini yake, halafu ukungu. Upana wa njia unatosha pikipiki na wasiwasi wake.

Nilifika kihambani kabla ya mchana. Mama Ndeshi alikuwa amekaa barazani, amejiandaa. Alivaa suruali ya khaki ya marehemu mumewe, juu yake gauni, juu ya gauni kitenge, juu ya yote sweta. Alikuwa tayari kwa hospitali, kwa baridi na kwa lolote lile.

"Shikamoo, Mama."

Akageuza uso upande wa Baba Mdogo Anaeli. "Anaeli, mwambie mkwe marahaba. Mwulize kama amekula."

"Anauliza kama umekula," alisema Anaeli, aliyekuwa amekaa kati yetu.

"Nimekunywa chai."

"Amekunywa chai."

"Chai si chakula. Mwambie kuna mtori."

Niliambiwa kuna mtori. Nilikunywa supu hiyo ya ndizi, nzito na ya moto, na nilipouliza kama tunaweza kuzungumza moja kwa moja ili kuokoa muda kwa sababu ya mvua, Anaeli alipeleka swali hilo, akasubiri jibu, akanirudishia: hapana.

Tulianza majaribio uani. Nilisema Mama akae kwa kutanua miguu, si upande upande. Nilitegemea ubishi. Hakubisha, na hapo nikaelewa kazi ya suruali. Nikasema ashike chuma cha keria nyuma yake. Alishika. Nikaendesha polepole kuzunguka kisima. Uani kwao kuna mteremko kidogo, na kwenye mteremko abiria huteleza kuja mbele. Hilo si suala la tabia, ni mvutano wa dunia. Mama Ndeshi alipohisi anateleza kuelekea mgongoni kwangu, aliachia keria na kurukia pembeni, kwenye majani ya ng'ombe.

"Amekugusa?" aliuliza Anaeli.

"Hapana. Ameanguka."

"Afadhali," alisema Mama Ndeshi kutoka kwenye majani.

Nilimweleza Anaeli kwamba nimevaa koti, na kwamba mtu akishika koti hajashika mtu. Hoja hiyo ilipelekwa.

"Mwulize aliye ndani ya koti ni nani," alisema Mama Ndeshi.

Nilisema kwamba kwa mtazamo wangu, na nauheshimu ukwe, jicho ni muhimu kuliko mgongo. Anaeli hakulipeleka hilo. Alisimama, akaenda zizini, akarudi na gunia. Alilijaza majani makavu ya migomba, akalishindilia kwa magoti, akalishona mdomo kwa kamba. Kisha akalisimamisha katikati ya kiti cha pikipiki.

"Mama atategemea hili. Likisukumwa, linakusukuma wewe. Gunia si mtu."

Nililipima. Lilikuwa gumu, jepesi, na halikuteleza. Nilikubali, jambo ambalo hunitokea mara chache.

"Na siku ya kurudi?" niliuliza. "Wakati wa kupanda abiria haji mbele, anarudi nyuma. Gunia halitamsaidia." Kushuka kulikuwa tatizo la adabu. Kupanda kungekuwa tatizo la usalama.

Anaeli aliingia ndani, akatoka na kitenge kipya cha shemeji yake, kikiwa bado na mikunjo ya dukani. Siku ya kupanda, alisema, kizungushwe kiunoni kwa mkwe, na Mama ashike ncha mbili kama anayelima kwa ng'ombe. Kitenge si mtu. Mama Ndeshi alikikunja upya, akakitia kwenye mfuko wake pamoja na kadi ya hospitali na kitabu cha nyimbo ambacho hakuwa anaweza kukisoma.

Mchana tuliondoka, mawingu yakiwa yameanza kushuka. Hali ilikuwa hivi: mbele mimi, katikati gunia, nyuma Mama Ndeshi na kofia ngumu juu ya kilemba, ameshika keria kwa mkono mmoja na fimbo yake kwa mwingine. Sasa hapakuwa na Anaeli wa kupeleka maneno. Nilijiuliza tutafanyaje. Jibu lilikuja kwenye mteremko wa kwanza.

"Gunia," alisema Mama Ndeshi, "mwambie mkwe apunguze mwendo."

Nilipunguza.

Tatizo la abiria asiyeona ni kwamba kona kwake haina taarifa. Inamkuta. Kona ya kwanza nililala kushoto, yeye akakakamaa kulia kujiokoa, na pikipiki ikatusikiliza wote wawili. Tulinusurika kuingia kwenye kahawa za mtu. Nikasimama.

"Mama, nitakuwa ninataja kona kabla. Nikisema kushoto, usipingane na pikipiki. Kaa kama mzigo."

Alisogeza fimbo pajani.

"Gunia, mwambie mkwe nimekuwa mzigo wa wanangu tangu macho yaishe. Kazi hiyo naijua."

Nilitia gia. Baada ya hapo nilitaja kila kona, na alikaa vizuri kuliko abiria wengi wenye macho. Alianza kuimba. Yumo kwenye kwaya ya kanisani, sauti ya pili, na aliimba wimbo wote kwa sauti ya pili, huku ya kwanza haipo.

Kwenye kona ya korongo gurudumu la nyuma liliteleza. Liliteleza kuelekea upande usio na kitu. Nilitoa mguu, nikasimika kwenye tope, pikipiki ikasimama imekaa mshazari, na kitako chake kikawa kinachungulia vilele vya miti. Mama Ndeshi ndiye aliyekuwa kwenye kitako hicho. Angeweza kutema mate yakafika kijiji kingine.

Yeye alikuwa amefika ubeti wa tatu. Alikatiza.

"Gunia, mwulize mkwe kwa nini tumesimama."

"Tunapumzika, Mama."

"Mwambie sijachoka."

Niliivuta pikipiki mbele kidogo kidogo, kwa breki na kwa sala ambayo siku nyingine ningeihoji. Tulipofika penye ukuta pande zote mbili, nilisimama tena, safari hii nikipumzika kweli. Aliendelea na ubeti wa tatu.

Mtoni matone yalikuwa yameanza. Maji yalikuwa yamegusa magogo. Nilikokota pikipiki kwanza na gunia lake, nikaiegesha ng'ambo, nikarudi. Mama Ndeshi alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, uso ukielekea kelele za maji. Hapo ningemshika mkono mtu yeyote duniani, hata adui. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha.

"Mama, nipe ncha ya fimbo."

Alinipa. Yeye akashika upande wa kishikio, mimi ncha yenye tope, tukavuka hivyo, mimi nikienda kinyumenyume na kumwambia aweke wapi mguu. Katikati, gogo moja lilijigeuza. Aliyumba, nikavuta fimbo, akasimama. Tulipofika ng'ambo alitikisa fimbo ili niiachie. Nyuma yetu maji yalikuwa yanapita juu ya gogo la kwanza. Kama angebishana uani nusu tu ya nilivyobishana mimi, tusingevuka.

Kiboriloni kijiwe kilikuwa kinatusubiri. Frenki alitutazama tukija, tumejaa tope, akatoa heshima.

"Shikamoo, mama. Mwalimu, hongera. Lakini huu ni mshikaki wa aina gani? Nyama, majani, nyama?"

"Gunia," alisema Mama Ndeshi, "mwambie huyo kijana yeye ni mafuta tu yanayodondokea moto."

Kijiwe kilipiga makofi. Nilimwambia Mama Ndeshi kwamba sasa ni lami, naweza kumwitia bajaji afike mjini kwa starehe. Akasema amekwishazoea gunia, na bajaji hajui inamwangushia wapi. Tukaingia mjini hivyohivyo, watu wakigeuka. Alilala Soweto kwa mwenzake wa kwaya aliyehamia mjini. Usiku mvua ilinyesha ya kutosha kuondoa magogo, na niliisikia yote.

Jumatano Ndeshi alifika kwa basi la mapema, akaingia na mama yake hospitalini, mimi nikabaki nje na gunia, maana hakuna aliyeniambia niliache wapi. Kazi ilikwenda vizuri. Kesho yake walimfungua bandeji. Muuguzi alikuwa binti mchangamfu mwenye sauti ya kuamsha watu.

"Mama, unaona nini?"

Mama Ndeshi alimtazama muuguzi, akatazama dirisha, kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akamshika kidevu.

"Umekonda," alisema. "Na nywele hizo nani kakuambia?"

Ndeshi alianza kulia. Mama yake alimwacha alie, akamalizia kumkagua. Halafu akaniona mlangoni.

"Yule ni nani?"

"Ndiye mkwe wako, mama."

Alinitazama mara moja, kisha akateremsha macho kama inavyotakiwa.

"Nilidhani mrefu," alimwambia Ndeshi. "Sauti yake ni ndefu."

Nilimwuliza muuguzi habari ya pikipiki. Aliuliza kwa nini pikipiki. Nilimweleza habari ya daraja. Akasema akae mjini kwanza, asiiname, asibebe kitu, jicho lisipate maji wala vumbi, arudi waliangalie tena; wakiridhika, apande polepole, na mlima asitembee kwa miguu. Nikauliza kwa nini hasa asitembee. Akajibu, "Kwa sababu nimesema." Ndeshi alirudi Arusha kazini. Mama yake alibaki Soweto, na kila nilipopita kumjulia hali nilimkuta anasoma kitabu cha nyimbo kwa sauti, nyimbo ambazo anazijua kwa moyo, akihakiki kama hazijabadilishwa.

Siku ya kurudi kulikuwa na jua. Magogo mapya yalikuwa yamelazwa, Frenki alinihakikishia kwa simu. Gunia halikuwepo tena. Nililiacha kwa mwenyeji wa Mama, na mbuzi wake walikuwa wamelifungua na kula yaliyomo. Mama Ndeshi alipokea habari hizo kwa utulivu. Alivaa suruali yake, gauni, kitenge, miwani nyeusi aliyopewa hospitalini, kofia ngumu. Kitenge kipya kilikuwa mfukoni.

"Tukifunge sasa, Mama?"

Hapakuwa na gunia la kupokea jibu. Alitazama huku na huku, akamwona mama mwenyeji.

"Mwambie mkwe hapa ni lami. Nitashika keria. Tutafunga mbele."

Nikaambiwa.

Kwenye lami alikaa vizuri. Kiboriloni Frenki alimpungia mkono, naye akamtazama juu mpaka chini, akiiambia hewa kwamba kwa sauti yake alimdhania mtu mnene. Njia ilipoanza kupanda nilimsikia nyuma yangu anavuta pumzi, lakini si kwa hofu. Alikuwa anataja vitu. Nyumba ya fulani ina bati jipya. Kahawa za fulani zimekatwa, wamepanda parachichi. Mgomba ule unaoza mzizi, hawaoni? Mtoni alishuka mwenyewe, akavuka magogo mwenyewe na fimbo yake mbele, akanisubiri ng'ambo nikitokwa jasho na pikipiki.

"Tukifunge sasa?" niliuliza.

Alitazama juu ya njia, akauambia mto, "Bado kidogo."

Tukapanda. Keria ilimtosha, ingawa nilimsikia akirudi nyuma kila nilipoongeza mafuta. Halafu tukafika kwenye kona ya korongo, safari hii tope limekauka nusu, na jua limeingia mpaka chini kabisa, hakuna ukungu. Kila kitu kilionekana.

"Simama!"

Alisema hivyo kwangu. Hapakuwa na gunia, wala mto, wala mtu mwingine. Nilisimama, nikashikilia breki zote mbili.

Alinyoosha shingo kushoto.

"Huku ndiko tulikopita?"

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile ya tope?"

"Ndiyo."

"Ni hapa tuliposimama, ukasema tunapumzika?"

"Hapohapo."

"Gurudumu lilikuwa wapi?"

Nilimwonyesha. Mfereji liliouchimba ulikuwa bado upo kwenye udongo, hata mvua haikuufuta, umekauka, ukiishia pembeni kabisa. Aliutazama kwa jicho lake jipya mpaka mwisho, na pale ulipoishia akaendelea kutazama.

"Na mimi nilikuwa naimba?"

"Beti zote, Mama."

Ndege alilia mahali fulani chini yetu, mbali sana. Niliegemeza pikipiki, nikamwambia kwamba sasa ni lazima tufunge kitenge, maana kuanzia hapa ni mwinuko mpaka nyumbani, na kutembea kumekatazwa. Alitoa kitenge mfukoni. Akakiangalia, akaangalia korongo, akakiangalia tena.

"Kinaweza kukatika?"

"Hakiwezi kukatika. Kuna nyuzi nyingi zinazobeba kwa pamoja."

"Kinaweza kufunguka?"

Mimi ni mtu wa kujibu swali kama lilivyoulizwa. Hiyo ni kasoro au si kasoro, wengine wataamua.

"Kinaweza."

Nilisikia kitambaa kinarudi mfukoni.

"Angalia mbele," alisema.

Niliangalia mbele. Mikono miwili ikapita chini ya makwapa yangu, ikakutana kifuani, ikafunga. Ilikuwa mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe na kupalilia kahawa maisha yake yote. Kofia yake ngumu iligota kwenye uti wa mgongo wangu na kubaki hapo. Frenki alikuwa amesema kama kupe. Kupe hana nguvu hizo.

"Na usigeuke."

Sikugeuka. Tulipanda kona ile, na ya baada yake, na zote zilizobaki. Sikuhitaji kutaja kushoto wala kulia. Nilipolala alilala, niliponyooka alinyooka. Pikipiki ilipanda kama iliyobeba mtu mmoja mzito. Kwa upande wa fizikia sina cha kuongeza.

Penye migomba ya kwanza ya jirani, mikono iliondoka. Nilipoingia uani alikuwa amekaa wima, ameshika keria, nafasi ya gunia ikiwa wazi kati yetu, na Baba Mdogo Anaeli ametoka zizini anakuja mbio kidogo, kwa kadiri mzee anavyokimbia. Mama Ndeshi alivua kofia, akavua miwani, akamtazama shemeji yake usoni.

"Umezeeka, Anaeli."

"Tangu lini?"

"Sikuwepo."

Anaeli alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati, na aliyafuta kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe. Tulikaribishwa. Kulikuwa na kiburu cha ndizi na maharage, kulikuwa na pombe ya mbege, na Anaeli akakaa mahali pake, katikati yetu.

"Haya. Hebu niambieni. Kitenge kilifaa?"

Mama Ndeshi alikuwa anatazama kilele cha mlima, ambacho kilikuwa wazi mchana ule.

"Kilifaa," alisema.

Anaeli akanigeukia. "Na wewe, msomi? Unasemaje? Kilifaa?"

Ninawaandikia hasa nyinyi wa Chekereni, ambao hamna kona, lakini mnaoa mlimani. Nilichojifunza ni kwamba gunia linatosha kushuka. Kupanda, abiria amshike dereva, na dereva aangalie mbele. Kuhusu yaliyobaki, kila mmoja ataulizwa siku yake.

"Kilifaa sana, Baba Mdogo," nilisema.

"Nilijua," alisema Anaeli, na kunimiminia mbege.

Mfuko wa Mama Ndeshi ulikuwa wazi juu ya benchi. Kitenge kilikuwa juu ya kitabu cha nyimbo, kimekunjwa, mikunjo ya dukani ikiwa bado imenyooka. Alinyoosha mkono bila kuniangalia, akafunga zipu.